Mwaka Bahari Ilipofika Makaburini

Kila mwezi wa Shaaban hufunga kibanda changu pale Usagara, Tanga mjini, ninaposhona na kukarabati makochi, nikaenda kwetu kusafisha makaburi. Kwetu ni kijiji cha pwani ng'ambo ya mto Pangani, ukishavuka kwa pantoni ukashika njia ya Mkwaja. Desturi hii tumeikuta. Ramadhani ikikaribia, watu waliohamia Tanga, Muheza na hata Dar es Salaam hurudi kufyeka majani yaliyoota juu ya wafu wao. Wakishafyeka husoma Yasini, halafu hupikwa wali wa nazi, watu wakala pamoja uani. Siku za mwisho za mwezi huwa za kuvunja jungu, na kila nyumba hula kana kwamba kesho chakula kinaondoka duniani. Nilipokuwa mtoto nilidhani Shaaban ni sikukuu ya wafu, na kwamba wao huko chini wanaingojea kama sisi tulivyoingojea Idi.

Miaka hii Shaaban imeangukia kwenye kaskazi. Ni kipindi kigumu kwa mtu wa jembe. Upepo unakuja mkavu, majani yamekauka na kuwa kama misumari, na ukiyachoma moshi unalala chini, unaingia kwenye nguo na kukaa humo siku nyingi. Mke wangu husema hahitaji kuambiwa kwamba nimerudi, moshi wa makaburini hutangulia mlangoni.

Makaburi yetu yalikuwa juu ya ukingo wa mchanga na mawe, mbele kidogo ya minazi, yakitazama baharini. Waliochagua mahali pale hawakukosea. Udongo ulikuwa laini, jembe linaingia bila taabu, na hewa ilikuwa nzuri. Kati ya kaburi la mwisho na maji palikuwa na safu za mivinje, na mbele ya mivinje palikuwa na ufukwe mpana ambao sisi vijana tuliufanya uwanja wa mpira. Baadaye mivinje ikaanza kuanguka. Ulianguka mmoja, watu wakasema upepo. Ukaanguka mwingine, watu wakachukua kuni. Ufukwe nao ukawa unapungua kidogo kidogo, kama kipande cha sabuni, na hakuna anayekaa kuangalia sabuni inavyopungua.

Sisi tunamlaza maiti kwa ubavu wa kulia, uso umeelekea kibla, na kwa nchi yetu kibla ni kaskazini. Kwa hiyo kichwa huwa upande wa mashariki. Kwetu mashariki ni baharini. Maji yakija, yanaanzia kichwani.

Mwaka ninaousimulia, mdogo wangu alinipokea barabarani niliposhushwa na bodaboda. Tulikuwa wawili tu kwa mama yetu. Mimi niliondoka kijijini nikiwa kijana, yeye akabaki na minazi, na mkewe, na nyumba ya marehemu baba, na mama ambaye macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu hata akawa anatujua kwa sauti na kwa vishindo vya miguu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo. Ila twende kwanza makaburini, kabla hujaonana naye."

"Kuna nini?"

"Twende tu utaona mwenyewe."

Tulikwenda na mfuko wangu begani. Nilipofika nilitafuta safu ya babu na ndugu zake, nikadhani nimepotea njia. Haikuwepo. Ukingo ulikuwa umekatwa wima kama mkate, na safu ya pili, aliyokuwemo baba, ndiyo sasa ilikuwa ya mbele. Jiwe la kichwani kwa baba lilikuwa limeinama kuelekea majini. Tulishuka ufukweni, tukautazama ukuta wa udongo kutoka chini. Mahali fulani rangi ya udongo ilibadilika, ikawa nyeusi, na hapo ubao mmoja uliooza ulikuwa umechomoza. Ni ule ubao ambao huwekwa juu ya maiti ili udongo usimwangukie. Haukuwa wa baba. Ulikuwa wa bibi mmoja jirani yake, aliyetusomesha Kurani sote wawili.

Mdogo wangu aliokota mchanga kwa mkono akauziba ule ubao. Mchanga ukamwagika wote. Akaziba tena.

"Acha," nikamwambia.

"Ameachwa wazi, kaka."

Tulikaa juu ya gogo la mvinje. Nikasema baba lazima ahamishwe. Akaniambia imamu wa msikiti wetu ameshaulizwa, amesema inafaa kwa sababu ni dharura, ila tungoje Ramadhani ipite, kazi ile haifai kufanywa na watu wenye njaa na kiu. Tatizo halikuwa ruhusa. Tatizo lilikuwa mahali. Kijiji kilikuwa kimetenga kipande cha pori upande wa bara, nyuma ya mashamba ya minazi, kiwe makaburi mapya, na mpaka siku ile hakuna mtu aliyekubali kumzika mtu wake huko. Walisema ni mbali. Walisema pana nyani. Walisema pana wenyewe, yaani majini, na kila aliyesema hivyo alikuwa na hadithi ya ng'ombe au ya mwanamke aliyepotelewa na fahamu akiokota kuni. Lakini neno la kweli lilikuwa moja tu: hakuna aliyetaka mtu wake awe wa kwanza, alale peke yake porini.

"Mimi nitapafyeka," mdogo wangu alisema. "Watu wakipaona peupe watazoea."

Tulipofika nyumbani mama alikuwa barazani, ameshika ukili anasuka mkeka kwa kupapasa. Aliniuliza habari za mjini, za mke wangu, za magoti yangu. Halafu akauliza, "Mmepita kwa baba yenu?"

"Tumepita, mama."

"Na nafasi yangu ipo?"

Alikuwa ametengewa mahali pembeni ya baba, tangu mwaka ule tuliomzika, na alikuwa anapazungumzia kama wengine wanavyozungumzia kiwanja walichopata. Nafasi ile ilikuwa imeshadondoka nusu.

"Ipo, mama," mdogo wangu akajibu. "Kubwa tu." Kisha akaingia ndani.

Kesho yake tulikwenda porini sote wawili na mapanga. Ilikuwa ardhi nyekundu, ngumu, yenye miiba na miti midogomidogo ambayo ukiikata inaacha visiki vyenye ncha. Bahari haikusikika hata kidogo. Nilimwambia hivyo, naye akasema ndiyo, ndiyo maana amepapenda. Alikuwa na tabia ya kuimba kaswida puani akifanya kazi, moja ile ile tangu tukiwa madrasa, na hakujua maneno yake yote. Mchana kisiki kimoja kilipenya kandambili yake kikaingia kwenye unyayo. Akakaa chini, akakichomoa, akakamua damu, akamimina mafuta ya taa tuliyokuja nayo kwa kuchomea majani. Tangu utotoni ndivyo tulivyotibu miguu yetu. Akafunga kitambaa, akaendelea kufyeka, safari hii akichechemea, na jioni tukala wali tukacheka kwa jambo nililokwisha kulisahau.

Nikarudi Tanga, maana kulikuwa na makochi ya harusi yanayongojewa.

Ramadhani ilikuwa bado changa shemeji yangu aliponipigia simu. Ilikuwa baada ya futari, nami nilikuwa nimekaa mkekani na wanangu.

"Shemeji, ndugu yako hafungui mdomo."

"Amekasirika?"

"Taya, shemeji. Taya zimegoma. Nimempa tende imemshinda. Na shingo imekuwa kama mti."

Nilimwambia amtie kwenye gari lolote. Walivuka pantoni kulipokucha. Shemeji amenisimulia kwamba pale kivukoni nguzo za daraja jipya zilikuwa zimesimama mtoni, na mafundi walikuwa wanagonga vyuma, na kila kishindo kilipolia mumewe alikuwa anakakamaa mwili mzima, mgongo unapinda kama upinde. Akawaomba watu wa pembeni wamsaidie kumziba masikio. Abiria wengine walisogea mbali. Mmoja alisema kwa sauti kwamba huyu ndiye yule aliyeingilia pori la watu.

Niliwakuta hospitali, amewekwa chumba cha peke yake, dirisha limezibwa kwa shuka. Daktari aliuliza kama ana kidonda. Nikajibu mimi. Akamtazama unyayo, palikuwa pameshafunga, alama ndogo tu kama ya mbu. Akasema ni pepopunda. Neno lile nililijua kwa watoto wachanga, sikuwahi kufikiri linaweza kumwangusha mtu mzima aliyepanda minazi kila siku ya maisha yake.

Jambo ambalo sitalisahau ni uso wake. Ugonjwa ule unavuta midomo, ikawa kana kwamba anacheka. Macho yalikuwa yanalia na mdomo unacheka, na yeye mwenyewe alikuwa na akili zake zote, anasikia kila neno. Tulizungumza kwa kunong'ona. Nilivua viatu mlangoni ili nisimshtue. Shemeji alikuwa anamfuta jasho kwa upande wa khanga, taratibu, kama anayefuta kioo.

Siku moja, mchana, aliniita kwa vidole. Niliinama. Alikuwa anasema kupitia meno yaliyofungana, na ilinibidi nimsikilize kwa makini sana.

"Mnipeleke pale."

"Wapi?"

"Nilipofyeka."

"Wewe utapona. Acha maneno hayo."

"Watu waanze," akasema. "Tukiacha, baba ataondoka na maji."

Nikamwambia tena atapona. Akafumba macho. Alifariki siku ya pili yake, muda mfupi kabla ya alasiri, na midomo yake ilipolegea ndipo nilipomwona tena mdogo wangu ninayemjua.

Tulimrudisha kijijini. Wazee wa ukoo walikuwa wameshaamua azikwe kwenye kipande kilichobaki cha makaburi ya zamani, nyuma ya baba. Nilipotaja wasia wake ukazuka ugomvi pale uani, maiti yuko ndani. Mjomba wetu alisema nimechanganyikiwa. Mwingine akasema pori lile limeshamuua, na sasa nataka kulipelekea mwili. Niliona wengi wanaitikia kwa vichwa. Imamu ndiye aliyenyanyua mkono.

"Marehemu amesema anapotaka kulala," akasema. "Nani kati yenu atakwenda kumwambia hapana?"

Vijana wakachukua majembe.

Ardhi ile ilikuwa ngumu. Watu walikuwa wamefunga, midomo imekauka, na jembe lilikuwa linaruka kama linapiga jiwe. Walichimba kwa zamu, kila mmoja dakika chache, na hakuna aliyenung'unika mbele yangu. Mimi niliingia kaburini kumpokea. Chini mle palikuwa na harufu ya mizizi iliyokatwa, na udongo mwekundu ulionata kwenye kanzu. Nilimgeuza kuelekea kibla, nikafungua fundo la sanda kichwani. Nilitegemea kusikia bahari, kama nilivyoisikia nilipoingia katika kaburi la baba. Palikuwa kimya kabisa. Nilipotoka, niliwakuta watu wanatazama pori pande zote badala ya kuniangalia mimi.

Mama alibaki nyumbani na wanawake. Shemeji aliniambia baadaye kwamba jeneza lilipotoka, mama alikuwa amekaa mkekani anasikiliza watu wanavyoitikia *La ilaha illa Allah* wakienda. Sauti zilipopinda kwenye mkwaju wa njia panda akainua kichwa.

"Mbona wanakwenda bara?" akauliza. "Mwanangu wanampeleka wapi?"

Akauliza tena, na tena, mpaka sauti zikapotea.

Niliporudi nilimweleza yote, ya ukingo, ya nafasi yake, ya jiwe lililoinama. Hakulia mbele yangu. Alisema tu, "Kwa hiyo alinidanganya." Kisha akaongeza, "Hakuwahi kujua kudanganya, nami nikamwamini."

Tulifunga Ramadhani iliyobaki. Idi ilikuja, kijijini kwetu haikupikwa biriani. Tulikuwa tumepanga baba ahamishwe wiki ile ya baada ya Idi, na imamu alikuwa tayari. Lakini masika yalitangulia. Mvua ilianza kwa kunyesha usiku, ikaendelea mchana, njia ya Mkwaja ikakatika, nami nikawa nimenasa kijijini. Upepo ukageuka, kusi likaanza kuingia, na maji makubwa ya bamvua yakajaa kama sijapata kuona. Maji yalipiga ukingo siku mbili mfululizo. Nyumbani tulikuwa tunasikia kishindo cha udongo ukidondoka, na kila kilipolia mama aliacha kusuka.

Mvua ilipopungua tulikwenda. Safu ya baba haikuwepo. Ya nyuma yake pia. Maji yalikuwa yamekupwa hadi mbali, na ufukweni, kati ya magogo na majani ya bahari, kulikuwa na vitu vyeupe ambavyo kwa mbali ungedhani ni makome.

Sitaeleza sana kazi ya asubuhi ile. Wanaume wa kijiji walikuja wote, hata mjomba wetu. Walivua kofia wakazivaa tena, hawakujua lipi ni la heshima zaidi. Tulitembea tumeinama, tukaokota, tukaweka kwenye shuka nyeupe, na kila aliyeokota alisema *Inna lillahi* kwa sauti ya chini. Nilikuwa natafuta kitu ambacho kingeniambia kwamba huyu ni baba. Baba alikuwa na pengo mbele. Alikuwa amewahi kuvunjika mkono alipoanguka akiezeka paa. Lakini mifupa haisemi hivyo kwa mtu asiye na elimu yake, na mingi haikuwa mizima. Tulichokipata kilikuwa kidogo kuliko watu waliokuwa wamelala pale. Waliobaki walikwenda na maji.

Tuliwazika pamoja katika kaburi moja, pori lile lile, pembeni ya mdogo wangu. Hakuna aliyebisha safari hii. Mjomba wetu alichimba mpaka mikono ikachubuka.

Nilikwenda kwa mama, nikakaa karibu yake.

"Mmempata?" akauliza.

"Tumepata baadhi, mama. Hatukujua nani ni nani. Tumewaweka pamoja."

"Wapi?"

"Pembeni ya mwanao."

Vidole vyake vilikuwa vinaupapasa mkeka, vinatafuta ulipoishia.

"Basi huenda yumo," akasema.

Nimejaribu mara nyingi kuelewa kama lile lilikuwa neno la kujifariji au la kukata tamaa, nimeshindwa. Pengine yeye mwenyewe hakutenganisha.

Tangu hapo watu wanazikwa kule. Wa kwanza baada yetu alikuwa mtoto mchanga, halafu mama mmoja aliyeuza mihogo kivukoni, halafu mjomba wetu mwenyewe, aliyeanguka msikitini akitia udhu. Habari za majini zimepungua. Shemeji alimaliza eda, ndugu zake wakaja kumchukua, akakataa kuondoka. Anauza nazi za minazi aliyoipanda mumewe na anamwogesha mama yangu. Nimemwomba mama mara kadhaa aje Usagara, nimemtengenezea hata kiti cha kuegemea, anasema mjini hakuna anayemjua kwa sauti.

Shaaban hii akataka apelekwe makaburini. Nilikodi bajaji, tukamkalisha kati yangu na shemeji. Nilifyeka, shemeji akafagia, yeye amekaa juu ya mkeka chini ya kivuli chembamba, kichwa amekifunika kwa khanga, analalamika jua. Alitaka kujua miti gani imeota. Nikamtajia. Akataka kujua pembeni ya kaburi la wale waliokusanywa kuna nani. Nikamwambia bado hakuna mtu.

"Hapo ni pangu," akasema. "Nionyeshe."

Nilimshika mkono nikamwongoza. Akapiga ardhi kwa unyayo, mara mbili tatu, kama mtu anayejaribu sakafu.

"Ngumu."

"Ngumu, mama."

"Na wewe je?" akauliza. "Utalala wapi? Huko Usagara, na watu usiowajua?"

Nilitaka kumwambia nitakuja hapa. Lakini nina wanangu, na wao hawakulelewa huku, na mtu hajui atafia wapi wala nani atakayekuwa na gari siku hiyo, wala kama njia itakuwa inapitika. Nilisimama na panga mkononi. Shemeji aliacha kufagia akanitazama, naye pia alingoja jibu.

"Sijui, mama," nikasema.

"Hujui," akarudia, bila hasira. Kisha akasema amechoka, nimrudishe kwenye bajaji. Nilimbeba. Alikuwa amekuwa mwepesi hata niliogopa, na njia nzima hadi barabarani alinishika shingo kwa mikono miwili, kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo.